Siku Tuliyorudi Kuangalia Maji

Katika safari yangu yote ya miguu, mwanangu, siku ninayoikumbuka zaidi ni ile ambayo hatukusonga mbele hata kidogo. Nakusimulia leo kwa sababu nimeliona begi lako jipya mlangoni, na mama yako ameniambia kesho mnaondoka hapa Garsen, wewe na wenzako, kuufuata mto kwa miguu hadi Ozi, unapoingia baharini. Yeye ana wasiwasi. Mimi nimefurahi sana, na kama goti hili lingenikubalia ningekuja nanyi.

Ujanani nilitembea na Jillo, mtoto wa mjomba wangu, kutoka Bura tukiteremka. Tulitaka tu kuona mto unaishia wapi. Kila boma tulilofika watu walituuliza tumepotelewa na ng'ombe wa rangi gani. Tukisema hatujapotelewa na kitu, wanatazamana. Mzee mmoja alitupa maziwa huku akituonea huruma, akiamini tumefanya jambo la aibu kwetu tukafukuzwa. Jillo alicheka hadi akapaliwa.

Siku hiyo tuliamka mapema, tukaswali, tukashika njia kungali na ubaridi. Asubuhi ndiyo raha ya mtembezi: miguu bado haijaanza kulalamika, njiwa wanalia, na mtu anajiona anaweza kufika popote. Mto tulikuwa tumeuacha mbali mkono wa kushoto, tukikata nyika ili tufupishe njia. Tulipita kichaka kikubwa cha mathenge, ile miti ya miiba, ambacho nyuma yake kuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Hatukusimama. Kiu hatukuwa nayo, na miiba ile nani anaitaka?

Jua lilipopanda tulifika kwa mwanamke mmoja Msomali, Mama Habiba. Mumewe alikuwa amekwenda mnadani kuuza mafahali, yeye akabaki na ng'ombe waliokuwa wamechoka kwa kiangazi, wengine wakiinuliwa kwa kushikwa mkia. Kisomali chetu kilikuwa kibovu na Kiorma chake vilevile, basi tukaongea Kiswahili, kila mtu na chake. Alitupa chai ya maziwa. Nawe unajua kwetu mgeni hanyanyuki bila kutoa habari za njia: nyasi ziko wapi, mvua imenyesha wapi, maji yamebaki wapi.

"Ile lambo ya nyuma, maji iko?" akauliza.

Ng'ombe wake walikuwa na nguvu ya safari moja tu. Angewapeleka lamboni, au angewapeleka mtoni upande wa pili. Wakikuta pakavu, hawangefika kwingine.

"Yako, mama," Jillo akasema. "Tele."

Mama Habiba akanigeukia mimi. "Macho yako imeona, ama umeambiwa tu?"

Jillo alikuwa mkubwa wangu, na kumpinga mkubwa mbele ya mgeni ni kumvua nguo. Nikawatazama wale ng'ombe. Ukweli ni kwamba mchungaji mmoja alikuwa ametuambia jana yake, nasi tukaibeba habari ile kama yetu.

"Hatukuona, mama," nikasema. "Tuliambiwa."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Alimimina chai iliyobaki kikombeni mwangu, akasema polepole, "Mtu na miguu yake nzima anapita maji, haangalii. Sasa mimi nipeleke ng'ombe na maneno?"

Nikamwambia tutarudi kuangalia. Utakuja kuona mwenyewe, mwanangu: mtembezi hachukii mwiba wala jua kama anavyochukia kurudi alikotoka. Jillo alinuna, lakini alikuja. Alitangulia mbele, nami nikatazama kisogo chake saa nzima ya jua kali.

Maji yalikuwepo. Tele, kama alivyosema. Jillo alikaa ukingoni akacheka, akaniuliza, "Si nilisema?" Nikakubali, alikuwa na haki yake. Kisha akashuka kwa ile njia ya ng'ombe ili anywe, na mguu ukazama kwenye tope hadi gotini. Nikamvuta kwa nguvu zangu zote. Ng'ombe mnyonge akiingia pale hatoki. Jillo, bila kuambiwa na mtu, akalizunguka lambo lote akikanyagakanyaga, hadi akapata upande wenye ardhi ngumu.

Tuliporudi bomani, ni yeye aliyetoa habari, na aliitoa vizuri. "Hili nimeliona mimi mwenyewe, mama. Usiwapitishe njia yao ya kawaida, kuna tope. Wazungushe kaskazini." Mama Habiba akasimama papo hapo akafunga kitambaa chake vizuri kichwani. Tuliwaswaga pamoja naye, polepole, tukiinua waliolala, na jioni ng'ombe wote walikunywa. Hakubaki hata mmoja nyuma. Tulilala palepale kando ya lambo, miguu inawaka moto, na sijui kama nimewahi kulala na furaha kama ile.

Mwisho wa mto tuliufikia baadaye, nikaiona bahari, na ilikuwa nzuri. Lakini watu wameiona wengi.

Basi nenda, mwanangu, utembee. Ukipita mahali, paangalie kana kwamba kuna mtu mbele atakuuliza, kwa sababu yupo. Ulichokiona sema umekiona, ulichosikia sema umesikia, na usichokijua usione haya kusema hukijui. Na ukimkuta mtu ambaye mali yake yote inangoja neno lako, geuka urudi ukaangalie, hata kama wenzako watanuna. Ozi haihami.

Mwenyezi Mungu akulinde na jua na mwiba, akukutanishe na watu wa kukukaribisha, na kila utakayemwacha nyuma yako, amshukuru Mungu kwamba ulipitia kwake. Amina.