Hesabu Iliyosahau Wakwe

Vyuo viwili vilipoamua kuungana kufundisha hisabati ya biolojia, kila kimoja kiliamini kwamba kingine ndicho kitakachofanya kazi ngumu. Chuo chetu kiko Busia, upande wa Kenya, na kilikuwa na walimu wa hisabati ambao hawajashika jani kwa sababu za kikazi tangu shule ya msingi. Chuo cha Tororo, upande wa Uganda, kilikuwa na shamba, darubini, na walimu wa biolojia wanaoogopa alama ya kujumlisha kama paka aogopavyo maji. Sisi tulikuwa na milinganyo isiyokuwa na kitu cha kueleza, wao walikuwa na vitu visivyokuwa na mlinganyo. Ilikuwa posa nzuri, na kama posa nyingine za huku kwetu, ilianza kwa sala, hotuba na soda za moto.

Mimi nilifanywa mratibu wa upande wetu kwa sifa moja tu. Naishi Busia ya Uganda na navuka mpaka kila asubuhi kwa miguu kwenda kazini, kwa hiyo mkuu wetu aliniona tayari ni mtu wa kimataifa. Nilizaliwa Lunyo, nikasomea Kenya, nikaoa kijiji cha Kirewa, karibu na Tororo. Nimewahi kuandika makala magazetini kuhusu karibu kila kitu cha mpakani, pamoja na vitu nisivyovijua, lakini muhogo sikuwahi kuuandikia hata sentensi moja. Nilikuwa naula tu.

Mwenzangu wa upande wa Tororo alikuwa mwalimu wa biolojia, mwanamke anayetembea kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Siku ya kwanza tulipotambulishana ikabainika kwamba yeye na mke wangu ni wa ukoo mmoja. Basi tangu saa ile nikawa shemeji yake, na shemeji ana ruhusa ya kukuambia yale ambayo hata bosi wako anayameza.

Nyuma ya bwalo la chuo chao alikuwa na shamba dogo la mihogo safi. Usafi wenyewe si wa kufagia. Huku kwetu kuna ugonjwa uitwao michirizi ya kahawia, na ubaya wake ni unafiki: mmea unasimama wima, majani yanapendeza, halafu siku ya kuchimba unakuta kiazi kimeoza ndani kama jino. Mihogo yake haikuwa na ugonjwa huo. Alikuwa ameomba pingili za kwanza, vile vipande vya shina vinavyopandwa kama mbegu, kutoka kituo cha utafiti, akazipalilia yeye mwenyewe misimu kadhaa, na sasa alitaka kuzigawa kwa wakulima. Mkuu wa chuo chake, mtu mwema mwenye wanafunzi wengi wa kulisha, alikuwa amempa hadi mvua zinazofuata. Kama mihogo hiyo haitakuwa imetoka nje ya uzio na kumfaa mtu, shamba litarudi kuwa la mahindi ya bwalo.

Shida ni kwamba pingili zilikuwa chache na nyumba zilikuwa nyingi. Ukimpa pingili safi mtu aliyezungukwa na mihogo migonjwa, msimu ujao na yeye ni mgonjwa, na kazi yako yote imeliwa. Kwa hiyo swali letu la kwanza la pamoja likawa hili: tuanzie nyumba ipi?

Nililipenda swali hilo kupita kiasi. Niliwaeleza wanafunzi wa vyuo vyote viwili kwamba modeli ni hadithi fupi inayosimuliwa kwa hesabu. Unasema nani anamwambukiza nani, kwa kasi gani, halafu unaiacha kompyuta imalize hadithi. Ugonjwa huu unabebwa na nzi weupe wadogo, na nzi hao hawaruki mbali. Basi nikaandika mlinganyo wa nzi na umbali. Wanafunzi wakaenda makwao mwisho wa wiki, wakachimba viazi, wakarudi na majibu, na majibu yakanicheka. Kirewa kulikuwa na ugonjwa, kijijini Masaba, mbali na hapo, kulikuwa na ugonjwa, na katikati, kwenye mashamba ambako nzi angelazimika kupumzika, mihogo ilikuwa mizima.

Mtu mwingine angeuliza kulikoni. Mimi nikaongeza upepo. Uliposhindwa nikaongeza upepo mwingine. Kufikia katikati ya muhula modeli yangu ilikuwa na upepo ambao haujawahi kuvuma duniani. Ulianza Kirewa, ukapaa juu ya vijiji bila kugusa mtu, ukateremka Masaba kwenye boma moja, ukaliacha la jirani.

Shemeji aliutazama mchoro wangu ukutani kwa muda. "Huu upepo wako," aliniuliza, "unalipa nauli?"

Wanafunzi wakacheka kwa lugha zote za mpakani.

Hapo ndipo mke wangu aliporudi kutoka kwao Kirewa, nyuma ya bodaboda, na mzigo wa vijiti vya mihogo uliofungwa kwa kamba za mgomba. Ulikuwa zawadi ya mama yake, ya kupandwa kwenye kishamba chetu cha Lunyo. Niseme kitu kuhusu mama mkwe wangu. Kwa desturi za kwao na za kwetu, mimi na yeye hatushikani mikono, hatukai chumba kimoja, wala hatusemezani ana kwa ana. Tunaheshimiana kwa kukwepana, na miaka yote hiyo tumekwepana vizuri sana. Lakini akileta mbegu, hukatai. Mbegu ya mihogo huku hainunuliwi. Binti akiolewa, mama yake humpelekea, na kuikataa ni sawa na kumrudisha binti.

Niliuegemeza mzigo ukutani nikisubiri mvua. Kesho yake shemeji akaja kutoka Tororo ili tuupunguze ule upepo. Hakufika hata kwenye kiti. Alisimama mbele ya mzigo, akauliza umetoka wapi, nikamwambia. Akachuchumaa, akakwangua ganda la kijiti kimoja kwa ukucha, akakigeuza kwenye mwanga, michirizi ya kahawia ikaonekana chini ya ganda. Kisha akakaa chini kabisa, akacheka mpaka mke wangu akatoka jikoni.

"Shemeji," alisema, "upepo wako huu hapa. Umefungwa kamba."

Mke wangu alipoelezwa kwamba ugonjwa unasafiri ndani ya mbegu aliuliza, kwa upole ulioniumiza, kama kweli watu wa vyuo viwili hawakujua mbegu inatoka kwa nani. Tulijua. Hakuna aliyekuwa hajui, kuanzia mimi hadi mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ila tulikuwa na mazoea ya kuvua mambo ya nyumbani mlangoni mwa chuo, kama viatu.

Juma lililofuata tulikusanya wanafunzi wote Tororo, tukawauliza swali lisilo na hesabu ndani yake: mama yako alipata mbegu kwa nani? Ubao ukajaa mistari. Mistari ilivuka mpaka kwenda na kurudi, ikapita Kirewa kwenda Masaba na Lunyo, na kila mstari ulikuwa arusi ya mtu. Kijana mmoja wa chuo chetu, aliyekuwa ameutumia muhula mzima kumdhihaki mwenzake wa Tororo kwa sababu ya kuuita ugali posho, alifuata mstari wa bibi yake kwa kidole hadi ukaishia nyumbani kwa mwenzake yule yule. Ikatokea kwamba yule wa Tororo ni mjomba wake.

"Sasa kaa chini, mpwa wangu," yule wa Tororo akamwambia. "Mjomba anafikiri."

Tulipoweka wakwe ndani ya modeli na kuutupa upepo wote, hadithi ikaenda sawa. Kirewa ikaruka hadi Masaba bila kugusa katikati, kwa sababu wa katikati walikuwa wameoa kwingine. Na jibu la nyumba ya kuanzia likajitokeza lenyewe: usianze na aliye karibu, anza na mama mwenye mabinti wengi walioolewa. Mbegu safi ikiingia kwake, itasafiri yenyewe bila gari la chuo. Kwenye ramani kila mama wa namna hiyo alikuwa na nukta, na nukta kubwa kuliko zote ilikaa Kirewa. Shemeji alisogea karibu na ukuta, akaisoma, akanigeukia.

"Ni nyumbani kwa mama mkwe wako."

Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Mbegu safi haina maana kama ile ya zamani haijang'olewa. Mtu angepaswa kwenda kumwambia mama mkwe wangu kwamba mihogo aliyowagawia mabinti zake ilikuwa mibovu, na kwamba aing'oe shamba zima. Nilimweleza shemeji, kwa hoja tatu zilizopangika vizuri, kwa nini mtu huyo awe yeye.

"Mimi nikisema, ni mtoto anamkosoa mama yake," alijibu. "Wewe ukisema, ni mkwe amekosa adabu. Hilo wameshalizoea."

Mawingu yalikuwa yameanza kukaa vibaya upande wa mlima, na mkuu wa Tororo alikuwa ameshaonekana akiulizia bei ya mbegu za mahindi. Jumamosi tukaenda.

Niliwekewa kiti uani, nikakigeuza kitazame zizi la mbuzi, kama inavyotakiwa. Mama mkwe alikuwa ndani ya jiko lake akimenya mihogo ya chakula chetu cha mchana. Shemeji alikaa mlangoni, katikati yetu, awe njia ya maneno. Sisi wote watatu tulisikiana vizuri kabisa, lakini adabu ni adabu.

"Uliza yeye," sauti ikatoka jikoni, "ile mbegu yangu imeota?"

"Anauliza kama mbegu imeota," shemeji aliniambia.

Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu virusi. Ilikuwa na utangulizi. "Mwambie sijaipanda," nikasema.

Kisu kilinyamaza. "Uliza yeye, amekataa?"

Nikawaambia mbuzi kwamba sikukataa. Nikawaambia kuna ugonjwa ambao hauonekani juu, kwamba misimu hii ya karibuni umeingia kwenye mbegu, na kwamba ninaogopa kuufikisha Lunyo. Shemeji hakurudia hata neno. Kisha kisu kikaanza tena, kikasimama, kikaanza tena. Kiazi kikaruka kutoka mlangoni na kuanguka karibu na viatu vyangu, kimepasuliwa, na ndani yake madoa ya kahawia kama chai iliyomwagika. Kikafuata kingine. Kikafuata kingine tena. Nilielewa polepole, maana mimi ni msomi: alikuwa anatafuta hata kimoja cha kumpikia mkwe wake.

Kilipotoka cha mwisho alikuja mlangoni. Niliona kivuli chake kikifika kwenye kiti changu, nikawakazia mbuzi macho.

"Mimi nilikuwa nachagua ile mzuri, napea nyinyi," alisema. "Ile mbaya ndiyo nabaki nayo."

Hakumwambia shemeji. Aliniambia mimi, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na mimi sikuwa na mlinganyo wala utangulizi. Nilisema, "Najua, mama," bila kugeuka. Ilikuwa kweli. Ile mihogo yake tulikuwa tumeila Lunyo miaka yote, na kila mara alituletea vijiti vinene kuliko vya mtu yeyote.

Alirudi ndani, na masharti yakaanza kutoka kupitia mlangoni kama kawaida. Mbegu mpya ataipokea, lakini kwa mkono wa shemeji, ambaye ni mtoto wa nyumba. Ikishaingia ardhini ni yake, na atakayewagawia mabinti ni yeye, si chuo. Hataki bango la mradi shambani mwake. Na kung'oa hatang'oa. Hajawahi kung'oa chakula ili kukichoma, na hataanza uzeeni. Shemeji alikubali yote kabla hajamaliza, hata la bango, ingawa alijua mkuu wake anapenda bango kuliko mvua.

Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata tulikwenda kung'oa sisi. Kumlimia mkwe ni desturi, na wanafunzi wa vyuo vyote viwili walifurahi kuona mratibu wao akilipishwa. Nilipewa mstari wangu. Mihogo ya wengine ilitoka nzima na viazi vyake. Ya kwangu ilikatikia mkononi, ikaniacha na kijiti na mgongo unaolia. Kutoka mlangoni mwa jiko ujumbe ulimjia shemeji, naye akautangaza kwa sauti ya darasani: yule wa miwani anabakiza nusu ya ugonjwa ndani ya udongo, arudie. Nikarudia.

Mkuu wa Tororo alifika wakati lundo limeshaanza kuungua na pingili safi zinashushwa nyuma ya nyumba. Alizunguka shamba akitafuta bango la kupigia picha, akalikosa, akauliza atawaonyesha nini wageni. Shemeji akamwambia amuulize mwenye shamba. Akaingia kumsalimu mama mkwe, maana yeye si mkwe wa boma hilo, akakaa huko muda, akala viazi vitamu. Sijui waliongea nini. Najua alitoka akiwa ameambiwa kwamba mbegu hiyo ina wenyewe, na kwamba anayeitaka asimame nyuma ya mabinti.

Alimvuta shemeji kando, karibu na mstari wangu, nami nikainama zaidi ili nisikie vizuri. Alitaka kujua kama kule chuoni zingeweza kubaki pingili chache, si nyingi, za kumpelekea mama mkwe wake.

"Zitabaki, mkuu," shemeji alisema. "Shamba likibaki."

Mkuu alitazama viatu vyake vilivyojaa udongo, akatazama moshi, akasema kwamba mahindi, kusema kweli, hata sokoni yapo.