Lamar Zerbe Achagua Chama

Lamar Zerbe ni mtu wa kukutoa roho. Mpeleke dukani kununua nyundo, atazishika zote mkononi moja baada ya nyingine, kisha atarudi nyumbani mikono mitupu akafikirie. Nimekuwa jirani yake, ng'ambo ya barabara, tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Fern, mkewe, alipokuwa hai, ugonjwa huo haukuonekana. Fern ndiye aliyeamua rangi ya nyumba, siku ya kukata nyasi, na chama cha bunduki. Huku kwetu milimani Pennsylvania bunduki iko kila nyumba, na karibu kila mwenye bunduki ana chama cha kumtetea asinyang'anywe. Utamjua mtu kwa stika iliyo kwenye kioo cha nyuma cha pikapu yake kabla hujamjua kwa jina. Fern alikuwa akimlipia Lamar uanachama wa Umoja wa Wenye Bunduki kila Krismasi, anaifungia kadi ndani ya soksi mpya. Lamar anavaa soksi, anatia kadi mfukoni, yameisha.

Fern alitutoka Februari, theluji ikiwa imefika madirishani. Krismasi iliyofuata hakukuwa na soksi, na kadi ikaisha muda wake.

Mwaka ule Lamar alinitisha. Alikula maharage ya kopo akiwa amesimama, kopo mkononi. Ndevu alizisahau. Nikimpelekea supu anaipokea mlangoni, anashukuru, hanikaribishi ndani. Lililonikata maini zaidi ni kwamba bunduki ya marehemu baba yake, aliyokuwa akiisugua kila Jumapili kama mtu anavyomwogesha mtoto, ilikaa ukutani ikikusanya vumbi.

Ndipo ukaletwa muswada wa kuwabana wenye bunduki huko makao makuu ya jimbo, na vyama vikatuma watu wao nyumba kwa nyumba kutafuta wanachama. Wa kwanza kufika kwa Lamar alikuwa Dwight Sechrist, wa Umoja, mtu wa tumbo kubwa na sauti ndogo. Wa pili alikuwa Tammy Jo Bressler, wa Ngome ya Katiba, mama wa miaka thelathini na kitu anayeendesha lori la magogo. Tammy Jo haongei na mtu, anagombana naye.

Umoja ni chama kikubwa na cha zamani. Kina viwanja vya shabaha, kinafundisha watoto kushika bunduki bila kuumizana, na wakubwa wake hukaa na wabunge wakaafikiana, toa hiki nikuachie kile. Ngome wanasema huko kuafikiana ndiko kulikotuponza, na wao hawaafikiani na mtu yeyote. Mimi ni wa Umoja tangu ujana wangu, stika yangu imepauka kwa jua. Nilidhani Lamar atarudi Umoja siku ileile.

Hakurudi. Alimwambia Dwight ana swali moja, aje tena wiki ijayo. Tammy Jo naye akaambiwa hivyo hivyo. Majira ya kuchipua yakapita, kiangazi kikapita, na maswali hayakwisha. Nilianza kuona mambo kutoka dirishani kwangu. Lamar amenyoa. Lamar amepiga pasi shati. Harufu ya vitunguu vya kukaanga ikavuka barabara. Nikajiambia mzee amepata mwanamke, nikavuka kwenda kuhakikisha, na sikuwa na furaha hata kidogo.

Nilimkuta anapasua kuni.

"Nani huyo unayempikia?" nikamuuliza.

"Leo Dwight. Alhamisi Tammy Jo."

"Bado hujachagua tu?"

"Bado nafikiria."

"Lamar, hata nyundo huwa unanunua mwishowe. Unataka wakufanyie nini, wakuchezee ngoma?"

Akaweka shoka chini, akajifuta jasho, akatazama barabara. "Nikichagua, Noreen, nani atakuja?"

Mimi, mwenye maneno kama redio, nilimsaidia kupanga kuni, nikarudi kwangu, nikakaa jikoni bila kuwasha jiko.

Mambo yaliharibika siku moja kabla ya msimu wa kuwinda paa kufunguliwa. Hiyo kwetu ni sikukuu, shule zinafungwa, na Lamar alikuwa amepika sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama ya paa wa mwaka juzi, akanialika na mimi. Dwight alikuwa ameshika kijiko cha kwanza tuliposikia lori la magogo likifunga breki uani. Tammy Jo akaingia bila kubisha, akaona mgeni, kisha akaona kofia mbili za zawadi zimening'inia kwenye misumari nyuma ya mlango. Moja ya Umoja, moja ya Ngome.

"Mzee Zerbe," akasema. "Umetuoa wake wawili?"

"Kaa ule, binti yangu."

"Sili na watu wa kuuza haki zetu rejareja."

"Bora sisi tunaorudi na kitu," Dwight akajibu kwa ile sauti yake ndogo. "Nyinyi mnarudi na koo zilizokauka kwa kelele."

"Kelele ndizo zilizowaamsha nyinyi usingizini."

Wakaendelea hivyo hadi mchuzi ukaanza kuganda. Lamar alikuwa anawatazama mmoja baada ya mwingine, na nakuapia alikuwa na raha. Jikoni mle hamkuwa na ugomvi tangu Fern aondoke. Kisha Tammy Jo akamgeukia.

"Umenilia miezi yote hii, mzee. Nina nyumba nyingine za kwenda. Chagua leo, au mimi sirudi tena."

"Na mimi vilevile, Lamar," Dwight akasema. "Samahani, lakini ni kweli."

Raha ikamtoka Lamar usoni. Alizungusha kijiko ndani ya bakuli.

"Umoja ulikuwa wa Fern," akasema mwishowe. "Naona vibaya kuuacha. Lakini Dwight, tangu mke wangu afe, kila mtu ananikubalia. Nikisema mvua itanyesha, wanasema ndiyo Lamar, itanyesha. Hata wewe. Huyu binti siku ya kwanza aliniambia nimepitwa na wakati na kahawa yangu ni maji ya kuoshea vyombo. Nikalala nikimjibu kichwani hadi asubuhi." Akamtazama Tammy Jo. "Lete fomu."

Dwight hakununa. Alimaliza mchuzi wake, akampa Lamar mkono, na ile kofia ya Umoja akaiacha pale msumarini. Huyo ni muungwana, na mimi nitabaki kumheshimu. Tammy Jo alimsainisha fomu, akaitia mfukoni, akala mabakuli mawili.

"Kwetu mwanachama haketi tu, mzee," akasema akiwa mlangoni. "Barabara hii yote Ngome haina mtu isipokuwa wewe. Anza na majirani."

Akamwachia bahasha ya fomu tupu, akaondoka na lori lake, na wiki iliyofuata hakuna gari lililoingia uani kwa Lamar. Kwa dirisha langu nilimwona akikaa barazani na ile bahasha ya fomu mapajani, ananyanyuka, anakaa tena. Bunduki ya baba yake alikuwa ameisafisha, lakini shati lilikuwa lilelile la siku tatu.

Jumamosi nikamwona kapiga pasi. Amevaa ile kofia ya Ngome, bahasha kwapani, anafunga mlango wake pole pole. Nyumba ya kwanza ng'ambo ya barabara ni yangu.

Sikufikiria hata kidogo. Nilichukua kisu cha jikoni na birika la maji ya moto, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaibandua stika ya Umoja kwenye kioo cha pikapu yangu. Ilikuwa imeng'ang'ania, nikakwangua hadi kucha ikavunjika. Nilikuwa ndio kwanza nimeingia ndani, nimebandika kahawa jikoni, aliposimama mlangoni amevua kofia.

"Noreen. Sijui kama una nafasi. Ni habari za chama."

"Karibu. Mimi sina chama."

Lamar akageuza shingo akatazama pikapu, akaona pale kwenye kioo mraba mweupe unaotiririka maji. Kisha akanitazama mimi na kidole changu.

"Basi huenda una maswali," akasema.

"Nina mengi," nikamwambia. "Leo uliza hali yangu kwanza. La chama nitalifikiria, urudi wiki ijayo."

Akavuta kiti, akakaa.