Kitasa cha Maabara

Msimamizi wa maabara yetu ya bakteria, ambaye tulimwita Mzee Glavu, alivaa glavu zake saa mbili asubuhi na kuzivua saa kumi, wakati wa kwenda nyumbani. Kwa glavu hizo hizo alitoa jokofuni visahani vya vijidudu vya homa ya matumbo, akafungua mlango, kisha akatukabidhi kalamu ya mahudhurio, huku bango la usalama aliloliandika mwenyewe likituangalia ukutani. "Mzee, si umetoka kushika vijidudu?" mwanafunzi mwenzetu mmoja alimwuliza. "Ndiyo maana nikavaa glavu, mwanangu. Ulitaka nishike kwa mikono mitupu? Tia sahihi, unachelewesha wenzako." Mwezi ule watatu kati yetu waliugua homa hiyo hiyo, naye akatutembelea hospitalini na kulaumu sana chakula cha mgahawani.

Jumatatu moja mkewe alimletea miwani aliyoisahau nyumbani. Sisi tulikuwa tumejipanga nje, tukisubiri zamu yetu ya mazoezi. Mama wa watu aliponyoosha mkono kwenye kitasa, Mzee Glavu alimwona kupitia kioo cha mlango, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti. "Mama watoto, usishike hapo!" Akaja mbio, akausukuma mlango kwa kiwiko, akavua glavu zote mbili na kupokea miwani yake kwa vidole visafi. Alipomaliza kumuaga mkewe, akazivaa tena, akatugeukia kwa upole wake wa kila siku. "Haya, ingieni wanangu. Wa mwisho avute mlango."