Mama Mkwe Haina Thamani

Mume wangu anaandika programu za kompyuta. Majirani wanamwita Bwana Kibodi, maana hata mtoto akilia yeye anabonyeza tu. Kila anachokihifadhi humo ndani lazima akipe jina, kama mimi ninavyoandika makopo ya jikoni. Mimi kwenye chumvi naandika chumvi. Yeye faili la zamani analiita marehemu, na kinachokula nafasi yote anakiita shemeji.

Mwenzake wa kazini, dada mmoja mnyoofu kama rula, alimwonya kwenye simu nikisikia.

"Kaka, andika nambari_ya_mgonjwa_anayefuata. Maneno kamili, vistari vya chini katikati. Kesho mwingine ataisoma."

"Hilo si jina, dada, hiyo treni!"

"Basi yaunganishe, uweke herufi kubwa kila neno linapoanza. Mradi lieleweke."

Mume wangu akaandika mamaMkwe, ile M imesimama katikati kama nundu ya ng'ombe, akacheka peke yake.

Programu yenyewe ilikuwa ya zahanati ya mtaani: skrini ukutani inaita wagonjwa kwa nambari. Wiki hiyo mama yangu alikuja kunilelea mtoto. Jumatatu iliyofuata nilitakiwa kurudi kiwandani kwenye cherehani, na msimamizi alishasema nisipofika, nafasi anapewa mwingine.

Jumatano Mama akaenda kupima presha. Ndiyo kwanza anamwambia jirani yake wa benchi, "Hiyo skrini kaitengeneza mkwe wangu," programu ikakwama. Yakatokea maandishi mekundu: HITILAFU: mamaMkwe HAINA THAMANI.

Benchi zima likacheka. Mama akarudi nyumbani na presha ambayo hakwenda nayo, akaanza kukunja nguo zake kwenye begi.

"Shikamoo, Mama," mume wangu akajaribu.

"Shikamoo yako weka mfukoni. Na hiyo 'haina' ndiyo nini? Hata 'hana' umeninyima? Mimi kabati?"

"Mama, hiyo ni nambari ya mgonjwa anayefuata, na 'haina thamani' maana yake haijaingizwa. Isipofika hakuna daktari, hakuna dawa, wote tunakodoa macho. Nilikosa jina lingine lenye uzito huo."

Nilijua anadanganya, nilimsikia alivyocheka. Nikanyamaza. Nilikuwa naifikiria Jumatatu yangu.

Mama akashika gauni hewani. "Na binti yangu humo anaitwaje?"

Nikamgeukia mume wangu na mimi, maana hilo sikuwahi kuuliza.

"x," akasema, sauti ya kuku mgonjwa. "Herufi moja tu. Namtumia kila mahali."

Mama akaangua kicheko mpaka akakalia begi. "Nimesomesha mtoto hadi darasa la saba, kaolewa kawa herufi!" Akanipokonya mjukuu wake. "Siendi popote. Nikiondoka, huyu ataitwa nukta."

Mume wangu akavuta kiti, akaanza kunitafutia jina. Kila alilojaribu, Mama alilikataa. Jumatatu naondoka kwenda kiwandani, walikuwa bado wanabishana.