Kifaransa cha Chumba cha Kufulia

Harufu ya nguo zinazotoka kwenye mashine ya kukaushia, zile za moto unazotamani kuzikumbatia, inanirudisha Euless, kule Marekani, mara moja. Utoto wangu mwenyewe, kule Kigoma, ulikuwa wa ndoo kichwani na mdogo wangu mgongoni. Shule niliiacha darasa la pili. Utoto ninaoukumbuka kwa raha ni wa wajukuu zangu, Zawadi na Salome, kiangazi kile cha mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumepanga karibu na uwanja wa ndege, ndege zikipita juu ya paa mpaka vijiko vinacheza ndani ya sufuria. Chumba cha kufulia kilikuwa cha jengo zima. Alikuja Mama Njeri, Mkenya, anayefua huku anaimba. Alikuja Carmen wa Mexico, tuliyeelewana naye kwa mikono tu. Na alikuja Maman Furaha wa Bukavu, msusi, mama wa vitenge na sauti kubwa. Huyo ndiye aliyekuwa shule yetu.

Shule ya Kifaransa, ndiyo. Mkwe wangu Elias alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kibali chake cha kazi Marekani kilikuwa kinakaribia kuisha. Kisingeongezwa. Binti yangu Neema alikuwa katikati ya masomo ya uuguzi, kwa hiyo yeye angebaki na watoto, baba yao angerudi Kigoma, na familia ingekatika vipande viwili. Ndipo tukasikia kwamba Quebec, upande wa Kanada wanakosema Kifaransa, wanatafuta mafundi, na fundi anaruhusiwa kwenda na mke na watoto. Sharti ajieleze kwa Kifaransa mbele ya ofisa wao. Elias hakujua hata neno moja. Isitoshe alikuwa mtu wa haya, hata kwa Kiswahili maneno yalimtoka moja moja.

Maman Furaha hakuwa na kitabu. Somo lilianza mashine ikianza kuzunguka, likaisha ikisimama. Na kila siku, kabla ya lolote, salamu, kwa sababu kwao kama kwetu, mtu haanzi na shida yake. Wasichana walikaa juu ya mashine na kujibu huku zinawatikisa, Kifaransa kikatoka kinatetemeka, wakacheka mpaka wakashuka. Elias alifika kutoka kazini, nguo zina matundu ya cheche, akasimama mlangoni kama anayesubiri kuchanjwa.

"Baba Zawadi, mbona hauulize mama yangu iko aje?"

"Si nilikuuliza jana, Maman."

"Jana ilikuwa ya jana!"

Basi anaanza upya. Et la famille? Familia je? Mama je? Watoto je? Asiye na watoto, Elias alifundishwa amwambie, "Mungu atakupa," na sisi wote chumbani, pamoja na Carmen, tunaitikia amina.

Ofisa alikuwa anapokea watu Houston, kwenye chumba cha hoteli. Neema aliendesha, Elias pembeni yake na shati jeupe, midomo inacheza bila sauti. Chapati zangu alizikataa.

"Pumua, Elias. Unamwogopa mtu ambaye hata hujamwona," Neema akamwambia.

"Ndiyo maana namwogopa."

Mke na watoto walitakiwa wawepo. Mimi sikutakiwa, lakini hakuna aliyethubutu kuniacha.

Ofisa aliitwa Lucien, mzee mwembamba, nywele nyeupe tupu, miwani puani. Akatuonyesha viti. Sote tukakaa, isipokuwa Elias. Akaanza: umelalaje, familia haijambo, mama yako je? Kifaransa changu kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo sehemu hiyo niliielewa yote. Yule mzee akashangaa kidogo, akajibu kwamba mama yake yupo, ana nguvu. Na watoto? Watoto hana. Elias akamtazama kwa huruma kabisa, akamwambia, "Mungu atakupa." Na kabla Neema hajawahi kuwaziba midomo, Zawadi na Salome wakaitikia kwa sauti ya chumba cha kufulia: "Amina!"

Neema alifunika uso kwa mkoba. Mimi nilishamwona Elias yuko Kigoma, peke yake, anajipikia ugali. Halafu mabega ya yule mzee yakaanza kutikisika. Akavua miwani, akajifuta macho, akasema, Elias alinieleza baadaye, kwamba mama yake humwambia maneno hayohayo kila Jumapili, naye bado hajakata tamaa. Hapo Elias akacheka, akakaa, na ulimi ukafunguka. Alieleza kazi yake kwa maneno na kwa mikono. Neno likimkimbia, anachora moto hewani. Waliongea mpaka Salome akasinzia mapajani mwangu. Mwishoni Lucien alisimama, akampa mkono, akamwambia karibu Quebec. Nje, kwenye joto lile la Houston, Elias aliegemea gari akala chapati zote. Hatukubakiziwa hata moja.

Sasa tunakaa Sherbrooke, hukohuko Quebec, mimi nililetwa baadaye. Mashine ya kufulia iko humu humu ndani, yetu peke yetu, na nguo zinatoka na joto lilelile, ila hakuna anayeingia na kapu lake kuniuliza habari. Zawadi na Salome ni watu wazima. Wakinipigia simu wanamaliza familia nzima, hata marehemu nusura waulizwe, ndipo waseme wanachotaka. Lakini kitukuu changu Noa, mtoto wa Zawadi, amezaliwa huku. Juzi aliingia na viatu vyenye theluji, akasema neno moja tu: "Biskuti?"

Nikamwambia atoke nje, aingie upya kama watu. Akatoka. Akagonga mlango, nikafungua, kofia imejaa theluji.

"Bonjour, Bibi. Et la famille?"

"Familia ndiyo wewe," nikamwambia. "Pita, biskuti ziko mezani."