Panya Kwenye Pikapu ya Baba

Mimi na panya hatujawahi kupatana, lakini mwaka ule wa mvua kubwa pale Garbatulla niliwachukia hasa. Barabara ya Isiolo ilikuwa imekatwa na maji. Pikapu ya baba, kuukuu, ya dizeli, ilikuwa imesimama nyuma ya nyumba tangu mvua ianze, na gari ikisimama pale kwetu panya wanahamia na familia zao.

Mdogo wangu alikuwa karibu kujifungua. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji, na muuguzi wa zahanati alimwambia waziwazi kwamba huyu wa pili asithubutu kumzalia hapa, aende hospitali Isiolo. Kwa hiyo nyumba nzima tulikuwa tunangoja barabara ikauke, na tunaomba gari iwake.

Ile ya gari nilijitwika mimi. Boneti niliiacha wazi kila isiponyesha, maana panya anapenda giza. Nilifunga vitambaa vilivyolowa dizeli karibu na injini, harufu iwafukuze, nikafagia ndani mpaka chembe ya mwisho. Mdogo wangu alinicheka akiwa ameketi mlangoni. "Dada, hata chumba chako hujawahi kukifagia hivyo." Nikamwambia anyamaze, tumbo lake ndilo linanifagisha.

Sasa, kwetu gari si ya mwenyewe. Ikisikika tu unaenda Isiolo, majirani wanaleta mizigo mapema na kuipakia ndani ya gari, ndio nafasi yao isichukuliwe na mwingine. Na hukatai. Ukikataa mzigo wa jirani, jina lako limeoza. Mvua ilipopungua wakaanza kuja. Kukaja magunia ya ngozi za mbuzi. Mama mmoja akaleta debe la nyirinyiri, ile nyama ya kukaangwa na kuhifadhiwa kwenye mafuta, apelekewe mwanawe anayesoma mjini. Kifuniko hakikushika vizuri. Akalisukuma chini ya kiti.

"Baba, ngozi na nyama ndani ya gari? Kwani tunawapikia panya?"

"Ni mizigo ya watu."

"Tuiweke nyumbani basi. Tutapakia siku ya kwenda."

"Wakipita wakute nimeshusha, watasema nini?"

Nilishusha mwenyewe, wallahi, gunia kwa gunia. Yeye akarudisha. Tuligombana mpaka mdogo wangu akatuomba tumwonee huruma.

Asubuhi aliyoshikwa na uchungu, barabara ilikuwa imefunguka. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Imefunguka! Lori la kwanza kutoka Isiolo lilikuwa limeshapita jana yake kuelekea Sericho. Tukamketisha mgonjwa wetu, baba akazungusha ufunguo. Kimya. Akazungusha tena. Chini ya injini dizeli ilikuwa inachuruzika mchangani. Waya zilikuwa zimetafunwa zikabaki shaba tupu, mpira wa dizeli umetobolewa, na kando ya betri kulikuwa na kiota cha manyoya ya mbuzi. Ndani yake watoto wa panya, wekundu, hawajafungua macho. Niliwatupa chini nikawakanyaga, na sikusikia nafuu yoyote.

Baba aliunga waya, akafunga mpira kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Gari nyingine haikuwepo. Jua lilikuwa limeshavuka utosi injini ilipokubali. Nilimpakata mdogo wangu, damu yake ikinilowesha, akawa ananiuliza tumefika wapi. Nikamwambia Kulamawe. Hatukuwa tumefika Kulamawe. Kisha ule mpira ukaachia, gari ikazima, baba akashuka kuufunga upya. Aliporudi kwenye usukani mdogo wangu alikuwa amekufa, na mtoto tumboni.

Baba aligeuza gari.

Tulimzika kabla ya magharibi. Nilikuwa na hasira na kila mtu aliyeshika chepeo, na baba zaidi, lakini nilipomwona anavyopiga magoti pale kaburini nilishindwa kumwambia kitu.

Msiba ulikuwa bado uko nyumbani, kina mama wangali kwenye mikeka, alipokuja jirani mmoja kutupa pole. Alilia, tena alilia kweli. Alipoinuka kwenda zake alimsogelea baba na kumuuliza kwa sauti ya chini gari itatoka lini tena, ana gunia lake la ngozi.

Baba akamwambia alilete.