Mgeni Aliyelipia Kitanda Changu

Nilirudi kutoka sokoni nikakuta mwanaume kalala kitandani mwangu. Na soksi.

"Mama, hapa intaneti neno la siri ni lipi?"

"Wewe ni nani?"

"Mgeni. Nimelipia siku tatu."

Akanionyesha simu. Chumba changu hicho, chandarua changu hicho. Chini wameandika: "Kitulivu, chenye historia."

Historia ni mimi.

Nikampigia mtoto wa kaka yangu. Tunapangisha wageni pamoja, yeye akijiita Msimamizi. Kwa mdomo tulikubaliana vyumba viwili, cha tatu nalala mimi.

"Shangazi, mkataba unasema vyumba vyote. Si ulisaini?"

Nilisaini. Nilimwamini, mjinga mimi.

Nikautoa mkataba, nikausoma kwa kidole, neno kwa neno, kama tulivyofundishwa darasa la pili. Kazi za Msimamizi: kupiga picha, kujibu simu. Pole, baba, usije ukavunjika vidole! Kazi zangu: kufagia, kufua, kupokea wageni, kuzibua choo na, eti, kutabasamu.

Nikafika kifungu cha tisa. Nikatabasamu, maana ndiyo kazi yangu.

Jioni nilikuwa kwake, nimejinyoosha kwenye kitanda anacholala na mkewe.

"Shangazi! Vipi tena?"

"Soma cha tisa."

Akasoma: "Atakayekosa kitanda kwa kosa la Msimamizi, Msimamizi atampa malazi ya hadhi ileile siku hiyohiyo."

"Lakini hii nilinakili tu mtandaoni!"

"Umenakili vizuri, mwanangu. Nizimie taa."

Siku tatu walilala sebuleni. Siku ya nne mkewe akamwekea karatasi na kalamu mezani kabla ya chai.

Tukaandika upya. Chumba changu hakipangishwi. Anayetaka kujitoa atoe taarifa mwezi mmoja kabla. Kuhusu mgao wa mapato, nikasema tubadilishane kazi wiki moja kwanza, ndipo tuandike.

"Kufua tu, Shangazi? Hiyo nayo kazi?"

"Wala si kazi, baba. Karai lile pale."

Mimi nikashika simu ya kazi. Nikajibu "karibu sana" nikiwa nimeinua miguu kochini. Yeye akafua mashuka, akatoa nywele za watu kwenye bomba la bafu, akaombwa taulo la tano na mtu mmoja.

Wiki ilipoisha akaja mgongo umepinda, mkataba kauandika mwenyewe: anayefua na kusafisha achukue theluthi mbili, wa simu theluthi moja.

"Ni haki yako, Shangazi. Nilikuwa sijui."

Nikasoma kwa kidole mpaka mwisho. Haki tupu. Nikasaini.

"Basi nipe simu yangu," akasema.

"Simu? Nimeshaizoea, mwanangu. Theluthi moja inanitosha. Kesho wanaondoka wageni wanne, uwahi mashuka."

Jamani, ukitaka kuandika mkataba wa haki, andika kama mtu asiyejua ataangukia upande upi, wa simu au wa karai.